Krismasi Mbili za Apollonia

Apollonia Seiz alianza kufuma kabla hakujapambazuka, dirisha kaliziba kwa blanketi ili sauti isitoke. Zilibaki dhiraa tatu tu za kitambaa. Wakaguzi wa vitambaa wangefungua ofisi yao Jumamosi asubuhi, siku tatu mbele, na bila muhuri wao kitambaa hakiuziki: hakuna kuni wala mkate wa shayiri, na bintiye alikuwa akikohoa pale kitandani.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Lorenz, askari wa baraza la mji, aliyekulia mtaa huu huu.

"Mama Seiz, leo Krismasi. Kazi marufuku."

"Krismasi ya nani? Yetu Waluteri bado siku kumi."

"Baraza linafuata kalenda mpya ya Papa."

"Kesho sikukuu ya Stefano wenu, keshokutwa Yohana wenu. Ikifika yetu, nikifuma, mchungaji ananinyima meza ya Bwana. Sasa nifume lini, Lorenz? Hebu niambie."

Mlango ulikuwa bado wazi nyuma ya Lorenz. Ng'ambo ya barabara vibarua wa tajiri Rembold walikuwa wakipakia marobota kwenye mikokoteni, wakipiga kelele bila wasiwasi.

"Na wale je? Rembold si nasali naye kanisa moja?"

"Ana kibali, mama."

Sisi wa mtaa huu tuliambiwa mji wetu umegawanyika kwa ajili ya Mungu, Wakatoliki huku, Waluteri kule. Uongo mtupu. Rembold angekula bata bukini mchana ule na wajumbe wa baraza, na siku kumi baadaye angekula mwingine na mchungaji wetu.

Lorenz akachomoa kisu. Amri ilikuwa mtande ukatwe, zile nyuzi zilizotandwa tayari kufumiwa. Akakata huku kageuza uso, na nyuzi zote zikalegea zikaanguka sakafuni.

"Nisamehe, mama. Wangenifukuza."

"Toka nyumbani kwangu."

Lorenz alipotoka, Apollonia hakulia. Hasira ilimkausha machozi. Alibandua blanketi dirishani akamfunika bintiye. Maandamano ya Krismasi ya Wakatoliki yalipoingia mtaani na mishumaa yao, akaketi kwenye kitanda cha mfumi, mtambo wake wa kufumia, sasa kitupu bila uzi, akakanyaga na kugonga kwa nguvu zake zote, mbao kwa mbao. Waimbaji wakapotezana sauti. Padri akasimama akitazama dirishani kwa Apollonia.

Lorenz akarudi anahema. "Mama, acha. Umekatazwa kufuma."

"Nafuma nini?" Hakuinua hata kichwa. "Njoo uangalie. Ukiona uzi, kata."

Lorenz akasimama mlangoni, kisu mkononi. Apollonia akaendelea kugonga.