Theluthi Mbili

Mke wangu Armelle aliponiambia anasoma siasa za Amerika, nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Tulikuwa London, si Amerika. Tulikaa Tottenham, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Yeye aliosha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, mimi nilisafisha ofisi za watu kuanzia saa kumi alfajiri. Amerika ilituhusu nini?

"Ni sehemu ya masomo, Papa Keren," alisema. "Professeur alitupatia kuchagua. Miye nikachagua Amerika."

"Juu ya nini?" niliuliza sababu.

"Juu kwao kila kitu iko imeandikwa. Nani anaweza fanya nini, na nani anaweza kumukataza."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu mwalimu wa nyumba ile nilikuwa mimi. Kule kwetu Uvira nilifundisha somo la uraia miaka tisa, enzi za chama kimoja. Niliwafundisha watoto kwamba nguvu ya nchi ni moja na mwenye nayo ni mmoja. Sikuliamini sana jambo hilo, lakini nililifundisha vizuri, na wazazi walinivulia kofia barabarani. London hakuna aliyenivulia kofia. Kazini waliniita Terry.

Basi kila Jumanne na Alhamisi jioni Armelle alipanda treni kwenda Walthamstow darasani, mimi nikabaki na binti yetu Keren, wa miaka tisa, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Majira ya baridi yale televisheni haikuwa na habari nyingine: rais wa Amerika ameshtakiwa kwa mambo ya mwanamke. Armelle aliniambia kwamba kule nyumba moja ya bunge inashtaki, nyumba nyingine inahukumu. "Ule mwenye kushitaki, hahukumu," alisema, huku amenyoosha kidole kama mwalimu. Nikamjibu kwamba Uvira mtu mmoja angeyafanya yote mawili na akawahi chakula cha mchana. Alicheka, lakini kicheko cha adabu tu.

Kicheko chake cha kweli alikuwa anampa Gires.

Gires alikuwa kijana wa Bukavu, hana mke, anaendesha teksi, ana koti la ngozi linalofika magotini. Naye alisoma darasa lile lile. Darasa likiisha alimleta Armelle kwa gari mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani jikoni, taa nimeizima. Macho hayana pazia. Niliwaona wamekaa garini dakika nne, dakika tano, Armelle anacheka kichwa nyuma, mkono kifuani. Hakucheka hivyo nyumbani tangu Keren aote meno. Halafu anapanda ngazi zote nne na kuingia akinuka baridi, mchangamfu, ananiuliza kama mtoto amekula.

Nilimwonea wivu. Nalisema wazi, maana wakati ule sikulisema. Niliuita uangalifu.

Mwezi wa kwanza alikuwa ameleta fomu ya chuo kikuu. Nikasema hapana kabla hajaiweka mezani. Hakubishana. Aliikunja tu, akaiweka ndani ya daftari lake la kijani, na tangu siku hiyo sikuiona tena. Mwanamke asiyebishana anatisha kuliko anayebishana.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Armelle yuko kazini, nililifungua daftari lile. Ningeweza kudai nilikuwa natafuta kadi ya gesi. Sikuwa natafuta kadi ya gesi.

Kiingereza changu cha kusoma nakisoma kwa msaada wa Kifaransa, neno kwa neno. Na neno la kwanza, kwa herufi kubwa, limepigiwa mistari miwili, halikuhitaji msaada wowote: SEPARATION.

Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza ni lile lile. Kuachana.

Nilikaa kitandani. Chini ya neno hilo kulikuwa na maandishi madogo, ila jicho langu halikuwa na subira nayo; lilirukia maneno makubwa. "House". Nyumba, yaani nani atabaki na nyumba ya halmashauri. "Checks and balances". Hundi, na salio la benki. "Hearing". Hilo hakuna mkimbizi asiyelijua. Ndiyo ile siku unaposimama mbele ya jaji na wakili wako, ukiulizwa ulitoka lini na kwa nini. Kwa hiyo tarehe ya mahakamani imeshapangwa! Halafu "two-thirds", theluthi mbili, imezungushiwa duara. Yeye achukue theluthi mbili, mimi niachiwe moja na lifti mbovu.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua yenyewe ilikuwa ukurasa wa tano. Hapo mwandiko haukuwa wa Armelle. Kwa wino wa buluu, mtu alikuwa ameandika: "A. for President! G. = running mate."

"Mate" nalijua, kazini ndivyo tunavyoitana. "Running" ni kukimbia. G. ni nani, nisitukanwe kwa kuulizwa. Gires, mwenzi wa kukimbia naye, na amejiandika mwenyewe bila haya ndani ya daftari la mke wa mtu.

Nilimshtaki Armelle na kumhukumu pale pale kitandani, bado nimevaa soksi za kazini. Hukumu yangu ilikuwa ndogo na ya ubaya. Mtihani wake ulikuwa Alhamisi. Nikalichukua daftari, nikalitia kwenye mfuko wangu wa kazi, chini ya glavu za mpira.

Jioni akaanza kulitafuta. Alitafuta chini ya godoro, nyuma ya jiko, ndani ya mfuko wa shule wa Keren.

"Papa Keren, haukuona cahier yangu? Ile ya kijani?"

"Sikuona."

"Iko na mwaka yangu yote ndani."

"Labda uliisahau kwa motokari."

Aliniangalia. Mimi nikaangalia televisheni. Jumapili kanisani alikaa bila kuimba, yeye ambaye sauti ya pili yote humtegemea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu anayekuna upele.

Jumatatu akaniomba jambo moja. Mtihani ungeanza saa saba na nusu, Keren hutoka shuleni saa tisa na robo. Je, Alhamisi hiyo ningemchukua mtoto?

"Saa hizo nalala," nikasema. Ilikuwa kweli, lakini ningeweza kuamka.

"Basi Gires, yeye hafanye examen, alisema anaweza kumukamata ku masomo."

Nilikwenda chooni nikafungua maji nikaegemea ukuta. Sasa Gires angemchukua na mtoto wangu.

Jumatano, nilipotoka kazini, sikwenda nyumbani. Nilikwenda Walthamstow sokoni, kwa mzee Chandrakant, Mhindi wa Kisumu anayeuza vitambaa vya mapazia. Tulijuana siku aliponisikia nikigombana na bei yake kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili kilekile. Yeye hakuniita Terry. Aliniita Mwalimu, kwa sababu ndivyo nilivyojitambulisha, na kwa ajili hiyo nilinunua kwake mapazia mengi kuliko madirisha niliyonayo. Nilitaka anisomee ushahidi wote, mstari kwa mstari, niwe tayari kwa wakili.

"Bibi yangu anataka kuniacha," nikamwambia. "Kila kitu kimeandikwa humu. Nisomee."

Alivaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, midomo inatembea. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwalimu, wewe iko mgonjwa? Hii si mambo ya bibi yako. Hii Amerika hii!"

"Soma hapo. Separation."

"Soma wewe, mbele kidogo. Hapa chini, maandishi dogo-dogo. Separation ya powers. Nguvu ya serikali iko gawanywa tatu: ya kutunga sheria, ya kutawala, ya kuhukumu. Mtu moja asishike yote."

"Na House?"

"Bunge yao. Iko House, iko Senate."

"Hundi na salio je?"

"Hakuna hundi, bwana! Check hii ni kuzuia. Huyu anazuia yule, yule anazuia huyu, ndiyo mizani ikae sawa." Alikuwa anafuta machozi kwa kipande cha pazia. "Hearing, hii wabunge naita mtu, nauliza yeye maswali. Running mate, hii mgombea wa makamu wa rais. Darasani walicheza uchaguzi, basi. Bibi yako akawa rais."

Nilisimama kati ya marobota ya vitambaa, masikio yanawaka. Kuna mwanamke aliyekuwa akichagua lesi. Hakujua Kiswahili, lakini alicheka pia, kwa kuona Chandrakant anacheka.

"Bibi yako kichwa iko," mzee alisema, sasa kwa upole. "Hii kazi safi sana. Mwalimu amefundisha yeye vizuri." Alidhani mwalimu ni mimi. Sikumsahihisha.

Alipofika ukurasa wa mwisho akasita. "Hii tu sielewi. Ameandika: rais akikataa jambo, hiyo veto. Lakini bunge ikipata theluthi mbili, inapita juu ya veto, rais hana la kufanya. Hiyo sawa. Halafu chini ameandika, T. ni rais, veto, chuo kikuu. A. na K. ni theluthi mbili. Hii T. nani?"

Nikamnyang'anya daftari, nikamshukuru, nikatoka.

T. ni Telesphor. Ndimi. Na A. na K. ni wawili katika watatu.

Basi lilipovuka mto Lea kurudi Tottenham nilikuwa nimekaa juu, dirisha la mbele, daftari mapajani. Ungedhani nilikuwa na furaha. Mke wangu hanikimbii, hakuna wakili, Gires ni mgombea makamu tu. Nilingoja furaha ije, haikuja. Kilichokuja ni wivu ule ule, umevua koti la ngozi la Gires na kubaki uchi. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa, mistari imenyooka, maswali ameyajibu, mwalimu wake Mzungu amemwekea alama nyekundu za sifa. Somo hili lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesimama ubaoni na chaki miaka tisa, na nilichofundisha kilikuwa uongo. Yeye alitoka kuosha wazee, akakaa jioni mbili kwa wiki, akajifunza ukweli wake. Afadhali mshindani wangu angekuwa mwanaume. Mwanaume ningempiga, au ningempeleka kwa wazee wa kanisa. Daftari utalipeleka wapi?

Nilifikiria kulitupa mtoni. Sitaficha hilo. Lakini basi lilikuwa limeshavuka.

Nilipofungua mlango nilisikia sauti ya Keren. Alikuwa amekaa mezani mbele ya mama yake, ameshika karatasi aliyoiandika mwenyewe, anauliza maswali kwa Kiingereza. Rais anachaguliwa kwa miaka mingapi? Minne. Kila jimbo lina maseneta wangapi? Wawili. Armelle alikuwa amefumba macho na kujibu kwa kichwa, pale alipokosa wanarudia. Hawakuhitaji daftari sana. Hilo nalo liliniuma.

Armelle akafumbua macho, akaona nilichoshika.

Hakupiga kelele. "Weka pale ku meza," alisema.

Nikaliweka. Lilinuka dawa ya kusafishia sakafu.

"Nilifikiri unaniacha," nikasema. "Niliona separation. Niliona na ile ya Gires."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, mdomo wake ulitaka kucheka, kisha ukaacha.

"Na sasa? Unajua siendi popote?"

"Najua. Chandrakant amenisomea."

"Basi mbona ungali na hasira, Telesphor?"

Hakuwa ameniita jina langu tangu Keren azaliwe. Nilitafuta uongo wa kumpa, nao siku hiyo haukuwapo.

"Kwa sababu unanipita," nikasema.

Keren alituangalia mmoja mmoja. Armelle alilivuta daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaona kwamba nimeuona. Akalifunga.

"Kesho naenda ku examen," alisema. "Na ile fomu ya université, niliijaza. Niliituma zamani."

"Nilikataa."

"Ndiyo. Ulikataa." Akamgeukia mtoto. "Keren, tuliongea nini miye na weye?"

Keren aliona haya. Alinitazama mimi, akatazama meza, kisha akainua mkono wake taratibu, kama anavyofanya darasani akiwa na hakika ya jibu. "Two-thirds, Papa," alisema.

Armelle naye akainua wake, wenye ngozi iliyopasuka kwa sabuni za wazee wa watu.

Mikono miwili ilikuwa juu ya meza yangu, hesabu imetimia, na hawakuhitaji wa tatu. Nikakumbuka kwamba kesho Keren anatoka shuleni saa tisa na robo, na kwamba Gires ana gari. Nikauinua wangu.

Alhamisi nilikuwa langoni pa shule saa tisa kamili, wa kwanza kuliko wazazi wote. Armelle alidhani ni mapenzi, na sikumsahihisha yeye pia. Mimi najua kilichonifikisha pale: niliona mezani watu wawili wenye furaha bila mimi.