Wembe Ukiwa Mkononi

Ugonjwa wangu wa usingizi una visa: nikicheka, mwili wote unalegea, naanguka macho yamejifumba, lakini nasikia kila kitu. Ndiyo maana kwenye saluni yangu mzaha ni marufuku wembe ukiwa mkononi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, anasema ni uvivu tu. Jana nilipofika kooni mwake na wembe, akaanza kumuiga mama mkwe anavyokoroma.

"Shemeji, nyamaza."

Akakoroma tena. Taya langu likalegea. Nikawahi kuutupa wembe, magoti yakafuata.

"Dada, mumeo kalala tena kazini," nilimsikia akicheka.

Nilimsikia mke wangu akiacha ufagio, akiokota wembe, kisha kiti cha shemeji kikalia: ameuweka palepale kooni.

"Hajalala, anakusikia. Haya kaka, tuchekeshe."