Uzi wa Kitako

Kwanza Mutheu aliona vumbi la katani. Lilikuwa limetua sakafuni, laini kama unga uliochekechwa, pale pale alipofagia muda mfupi uliopita.

Akainua macho. Kiondo, kikapu cha katani kikubwa kuliko chumba chake cha kupanga mtaani Tassia, kilining'inia kwenye vyuma vya paa la ukumbi, mdomo chini, kitako juu. Ndani yake, kwenye kitako, yalifungwa mawe ya kusagia ishirini.

Kilikuwa kiondo cha Lorraine, msanii aliyewaandika kazi wasusi sita, Mutheu akiwa mmoja wao. Kila mgeni aliyekuja, Lorraine alimwambia, "Hakuna uzi wa dukani hapa. Kila uzi umesokotwa kwa mkono, pajani."

Kila Mutheu aliposikia hivyo, aliinamia ufagio wake. Kitako alikianza yeye, wiki ile paja lilipomchubuka hadi likatoa damu. Alinunua dukani uzi mweupe, dhaifu kuliko katani, akausuka, kisha akaufunika kwa katani ya mkono. Kiondo cha sokoni hukaa kwa kitako, hakining'inizwi kwacho. Nani angejua kwamba hiki kingepinduliwa?

Saa nane wangefika watoto wa shule, walale chini yake na kutazama juu.

"Niaje Mutheu?" Javan, fundi wa kuchomelea, aliita kutoka kwenye ngazi. "Mbona umekauka kama omena iliyoanikwa?"

"Hakuna kitu."

"Huyu hata akiungua atanong'ona!" Javan akacheka.

Mutheu naye alijaribu kucheka, midomo ikakataa. Tangu aache shule darasa la tano, alikuwa amezoea kuwaachia wengine maneno. Na akisema, nani atamwandika tena? Wasusi wenzake watamtazama kwa jicho gani?

Lorraine alitandika mkeka, akajilaza chali chini ya mawe. "Wacha nijaribu kabla ya watoto. Wee, panapendeza!"

Vumbi likamwangukia kwenye paji la uso. Akalipangusa, akatabasamu.

Juu, karibu na fundo la kitako, uzi mmoja mweupe ulikuwa umechomoka. Ulijisokotoa taratibu, ukizunguka, ukizunguka. Jiwe moja likagonga jingine.

Mutheu alikimbilia mkekani. Akamshika Lorraine kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akamvuta, mkeka na yote.

"Wewe! Una wazimu?"

"Toka, Madam! Kitako nilikisuka kwa uzi wa dukani. Ni mimi. Toka!"