Yungiyungi la Nyuma ya Jiko

Guilan alirudi kutoka shambani kiuno kikimkata. Kutwa nzima alikuwa akikonyoa matumba ya mayungiyungi, maana ua likiachwa lichanue hula nguvu zote, na tunguu la kupika, lile la chini ya udongo, linabaki dogo kama punje ya kitunguu saumu. Huko milimani Lanzhou, Uchina, ndivyo wanavyoishi: mayungiyungi wanayalima na kuyala, maua yake hawayajui.

Alizunguka nyuma ya jiko kunawa. Kando ya ukuta palikuwa na yungiyungi moja. Akalipita bila hata kulitazama, vidole vikafanya mazoea yao, tumba likakatika.

"Mama Baoping," mumewe akasema kutoka mlangoni, taratibu, "hilo nilikufichia wewe. Nilitaka japo mara moja ulione limechanua."

Guilan akafumbua kiganja. Tumba lilikuwa limeshaanza kuingia wekundu.

"Sasa mbona hukusema, mzee wewe?"

"Ungenicheka. Limebaki tumba moja, hilo la juu. Nenda kalale, umechoka."

Hakwenda. Alivuta kigoda mbele ya lile yungiyungi, akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili.