Ua wa Nyuma ya Jiko

Jumanne, tarehe tisa Aprili. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Tulikaa kwenye benchi la zahanati: mimi, binti yangu wa miaka kumi na tatu, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye kauli nyumbani kwetu.

Binti tunamwita Kasuku kwa kupenda kuongea. Siku hizo alikuwa kimya. Tangu avunje ungo, kila akimaliza siku zake alikuwa anajikuna, anatembea kwa kujivuta, na sasa shule alikuwa ameikataa katakata. Nilihofu ataacha masomo kama nilivyoacha mimi, ambaye leo nasoma darasa la jioni na macho yamechoka. Nikasali moyoni: Ee Mungu, mfungue kinywa.

Nesi alimpima nyuma ya pazia, kisha akatuita ndani.

"Ni fangasi, na dawa ipo. Vitambaa vyako vya hedhi unavianika wapi, mwanangu?"

Kasuku akamtazama bibi yake, akainama.

"Sema, mke mwenzangu," bibi akamtania. "Leo ulimi umeuacha nyumbani?"

"Chini ya godoro," akanong'ona. "Havikauki vizuri. Bibi alisema visionekane."

Bibi akabadilika uso. "Ndiyo, nilisema! Pale uani wapangaji wanaume wamejaa. Nesi, elimu yako naiheshimu, lakini kuanika mambo ya ndani kwenye kamba, hapana!"

Akasimama, akachukua mkoba wake. Nilijua akitoka pale shauri limekwisha, na mimi mkwe sina ubavu wa kumbishia. Nikamuuliza kwa adabu:

"Mama, ulipokuwa msichana, kwenu mlianika wapi?"

"Sisi? Tulikuwa na ua wetu nyuma ya jiko, umezungushiwa mabua. Mwanamume hakanyagi! Unafua, unaanika, jua la mchana linapiga mpaka kitambaa kinakuwa kikavu kau..."

Akaushusha mkoba polepole.

"Kwa hiyo mlikuwa na sitara, na jua pia," nesi akasema taratibu.

"Vyote tulikuwa navyo." Akaketi tena. "Tulipohamia vyumba vya kupanga nikabeba sitara. Jua nikaliacha kulekule."

"Avifue kwa sabuni," nesi akaelekeza, "vikauke kabisa juani. Ukitandaza shuka jepesi juu yake, Bibi, jua linapenya, macho ya watu hayapenyi."

"Hata macho ya mpangaji wa chumba cha mwisho?" bibi akauliza.

Kasuku akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Bibi akamshika mkono, akasema kwa sauti iliyowafanya hata wagonjwa waliokuwa nje wageuke:

"Mke mwenzangu, nesi na mama yako ni mashahidi. Nitakuzungushia kona yako pale uani kwa mikono yangu, na vitambaa vyako vitakauka juani. Atakayechungulia, atanijua mimi ni nani!"