Vidole Viwili vya Kitambaa

Mzee Akilimali alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hakikutoka kitu ila upepo. Tangu Jumatatu alikuwa akijizoeza hotuba yake ya msemaji, ya kuomba mchumba, akiwahutubia mbuzi wake, akiwahutubia hata wapita njia wa Kamembe, na sasa, Jumamosi yenyewe ya kuomba, sauti imemkimbia.

"Tumekwisha," alisema fundi Munyaneza, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu kifuani. Mwanawe wa kwanza, Tuyishime, alikuwa anakwenda kuombewa binti, Uwamwezi wa Butare, hii Butare yetu ya Rusizi, ya mashamba, si ule mji wa jina hilo. Na mila ni mila: bila msemaji wa kubishana na msemaji wa ukweni, mke hapatikani.

Mzee Akilimali akanyoosha kidole. Kilimwelekea Mucyo, mdogo wake bwana harusi, aliyekuwa amejikunyata pale dukani kwa baba yao akipiga pindo la suruali ya kaka yake.

"Ule?" Munyaneza alishtuka. "Ule anasoma filozofi!"

Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Miaka mitatu sasa Mucyo yuko chuo kikuu cha serikali, na kila mteja akiuliza kijana atatoka nani huko, daktari ama mwalimu, fundi hujitia anatafuta uzi chini ya meza. Wiki ile alikuwa amekata shauri: harusi ikiisha, Mucyo atakaa kwenye cherehani ya pili, na filozofi basi. Mucyo hakubisha. Ila tangu siku hiyo sahani yake ilikuwa ikirudi jikoni na chakula nusu.

"Nitasema, Papa," alisema Mucyo. "Kubishana njo kazi banatufundishaka."

Hakukuwa na mwingine. Akavaa koti lake la bluu, lile baba yake alilomshonea alipoingia mwaka wa kwanza. Lilimbana mabegani, lakini atafanyaje, ndilo alilokuwa nalo.

Kule Butare mahema mawili yalitazamana. Mzee Munyemana, msemaji wa ukweni, alisimama na kofia yake na fimbo yake.

"Hapa kwetu hakuna musichana wa jina hilo," alianza. "Na ule alikuwako, bengine bamekwisha kumuomba."

Huo ndio mchezo wenyewe. Mgeni huinama, hubembeleza, hutozwa kreti ya bia kwa kosa ambalo hakulifanya, na mwisho binti hutolewa. Kila mtu anaujua. Lakini Mucyo, jamani, alisahau kwamba yuko ukweni.

"Muzee, kama hakuna musichana, hao bengine bamemuomba nani? Na kama bamemuomba, basi eko."

Hema la wageni likaangua kicheko. Munyaneza naye akajikuta amevimba kifua.

"Sisi hatutoe binti kwa bantu hatujue," alijibu Mzee Munyemana.

"Na Maman, bibi yako, mbele umuoe, bazazi yake balikujua? Kama hapana, hii sheria ni wewe uliivunja wa kwanza. Umejipinga mara mbili, Muzee, na hatujakunywa hata maji."

Kicheko kikakatika. Mzee Munyemana akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Kisha akaketi.

"Sawa," alisema polepole. "Kama munajua yote, mujioeshe."

Lo! Upande wa wenyeji mashangazi walianza kurudisha ndani chupa ambazo hazijafunguliwa. Tuyishime alitazama viatu vyake vipya. Munyaneza akaona hatari: mtoto wa kwanza atakosa mke kwa ulimi wa mtoto wa pili! Alitaka kupiga kelele, lakini msemaji akisimama, baba hana neno. Basi akafanya kile mikono yake ilichokijua. Aliinua vidole viwili, akavibana pamoja, akavilaza juu ya mshono wa koti lake.

Mucyo aliona. Tangu alipoanza kushika mkasi amelisikia neno hilo kwa baba yake: usikate mpaka ku alama, bakisha vidole viwili ndani, muntu ananenepa.

Akavuka uwanja, akapiga goti mbele ya mzee. Koti likaachia mshono mgongoni, prrr! Hakugeuka.

"Muzee, nimekata mingi, sikubakisha kitambaa. Unisamehe. Tulikuja sababu nyumba yetu haina binti. Utuoneshe njia."

Mzee Munyemana, aliyekwisha kunong'onezwa huyu ni nani, alisogeza kofia nyuma. "Ku université banakufundisha nini?"

"Kuuliza, Muzee."

"Na kujibu?"

"Hapo hatujafika."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Kreti mbili! Moja ya kuchelewa, moja ya kunivua nguo mbele ya bibi yangu. Binti mumepata. Na huyu wa koti ya kupasuka akae karibu yangu, niko na maswali."

Vigelegele vilipasua hema. Mchana kutwa wale wawili walibishana iwapo ng'ombe wa mahari anajua kwamba amehamishwa kwao, na chakula chao kikapoa. Munyaneza alikaa nyuma yao, akisikiliza. Alifurahi mpaka akaona haya, maana hakujua kwamba mtoto wake ana maneno matamu hivyo, wala kwamba anajua kusikiliza.

Jumatatu asubuhi Mucyo aliwahi dukani, akakaa kwenye cherehani ya pili kama baba alivyoamua. Munyaneza alikuwa na lile koti la bluu magotini, anafumua mishono kwa wembe.

"Toka hapo," alisema bila kuinua macho. "Hapo nitatafuta muntu mwengine. Basi yako ya ku université inaondoka saa ngapi?"

Mucyo alifungua mdomo. Msemaji mzima wa Butare, hakikutoka kitu ila upepo.

Maman Patricie, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa mlangoni na gauni lake la kupunguzwa. "Na huyu, Papa Tuyishime, kule masomoni atatoka nani?"

"Hapo hatujafika, Maman," alisema fundi.

Akamalizia kuufungua mshono wa mgongo. Mle ndani, vidole viwili vya kitambaa alivyobakisha mwenyewe vilikuwa vimelala miaka mitatu, bluu yake bado mbichi kama siku ya kununuliwa. Akakinyoosha kitambaa kwa kidole gumba, akakilaza chini ya sindano, akakanyaga pedali.