Sosi Nyeupe ya Kinyozi

Siku daktari alipomwambia kinyozi apunguze kilo kumi na tano, aliyejibu alikuwa mkewe. "Atapunguza," alisema, mkoba kaupakata. Kinyozi mwenyewe alikuwa bado anahangaika na vifungo vya shati, na vile vya tumboni vilikuwa vinamgomea kama kawaida yao.

Tumbo lile lilijulikana mtaa mzima. Wateja walisema ukikaa kwenye kiti cha kinyozi yule, kwanza linakukaribisha tumbo, mkasi unafuata baadaye. Naye hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na kila mchana alifungua chombo alichofungiwa nyumbani, akatoa mkate na mayai ya kuchemsha, akavizamisha kwenye mayonesi. Mayonesi ndiyo iliyomshinda maishani. Aliitia kwenye viazi, kwenye kuku, hata kwenye nyanya tupu. Mara moja mkewe alimkuta amesimama mbele ya friji, kijiko mdomoni, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza habari njema.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni tangu asubuhi hadi anapokwenda kuoga. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeitwa mama wala baba fulani; waliitana kwa kazi zao. Yeye alimwita Kinyozi, naye akamwita Fundi, na ukiwasikia wakiitana hivyo kutoka chumba hadi chumba ungedhani ni majirani waliozoeana sana.

"Majani nitakula," kinyozi alisema walipokuwa wakirudi kutoka hospitali. "Sukari imepanda, presha imepanda, sibishi. Lakini yakiwa makavu, Fundi, utakuwa umenionea. Mimi si mbuzi."

"Hayatakuwa makavu."

"Na mayonesi?"

"Mayonesi usahau."

Alinyamaza hadi mlangoni kwao. Kwa mtu kama yeye, huo ulikuwa ukimya mrefu.

Sosi ya kwanza fundi aliitengeneza kwa haraka: mtindi, maji ya limau, chumvi, akakoroga, akamwagia kwenye saladi na matango. Ilitiririka yote hadi chini ya sahani ikatulia pale kama maji ya mvua uani. Kinyozi alichovya kidole, akaonja.

"Umenawia mikono humu?"

Ya pili aliizidishia kitunguu saumu ili angalau iwe na ladha. Hiyo kinyozi aliila yote bila kulalamika, ila kesho yake mteja mmoja alimwomba kwa adabu amnyoe akiwa ametazama upande mwingine.

Ya tatu fundi aliifanyia kazi kama nguo ya bibi harusi. Alikata kipande cha bafta kilichobaki kwenye bitana ya mteja, akakichemsha, akakamua, akamimina mtindi ndani, akakifunga na kukining'iniza kwenye bomba la jikoni tangu asubuhi. Maji yalidondoka kwenye beseni tone kwa tone, yeye akiwa anashona huku anayasikia. Mchana alipofungua kitambaa, mtindi ulikuwa mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Akaponda kiini cha yai la kuchemsha, akatia haradali, siki kidogo, pilipili manga na tango alilolikwangua na kulikamua hadi likauka. Mwisho akachukua mafuta, kijiko kimoja, badala ya kikombe kizima kinachoingia kwenye mayonesi, akayamimina kama uzi huku mkono wa pili ukikoroga.

Kinyozi alionja. Akachovya tena. Akavuta bakuli karibu yake.

"Hii imetoka dukani."

"Imetoka bombani."

Alicheka hadi kiti kikalia.

Basi wakaanza. Asubuhi uji mwepesi bila sukari, mchana saladi na yai, jioni mboga na kipande cha kuku kisicho na ngozi, na sosi nyeupe juu ya kila kitu. Kila Jumamosi kinyozi alipita duka la dawa akapanda mizani, na akirudi nyumbani fundi alimzungushia futi kiunoni. Mwezi wa kwanza zilikwenda kilo tatu. Wa pili zikaenda nne. Fundi alifumua suruali zake moja baada ya nyingine na kuzipunguza, na kazi hiyo aliifanya akiimba. Kinyozi alianza kubeba kopo la sosi kazini, akawaonjesha wateja kwa vipande vya tango, akiwaeleza habari ya kitambaa na bomba kana kwamba alikuwa ameining'iniza mwenyewe.

Jumapili moja alikuja mdogo wake wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka hotelini. Alimkumbatia kaka yake mlangoni, akamshika mabega, akamrudisha nyuma amtazame.

"Kaka! Umekuwa kijana! Wifi, unampa nini huyu?"

"Majani," kinyozi alijibu kabla ya mkewe. "Ananilisha majani, na mimi kama mjinga nayapenda."

Siku hiyo walicheka sana, na wifi huyo wa fundi aliondoka na sosi kidogo kwenye chupa.

Mwezi wa nne, fundi aliamua kumshonea mumewe shati jipya. Yale ya zamani yalikuwa yanamning'inia, na hakutaka watu waseme mume wa fundi anavaa magunia. Alimsimamisha dirishani, akampima kiuno, akampima kifua, akampima urefu. Mabega hakuwa na haja ya kuyapima. Kwa miaka ishirini na sita mabega ya mume wake yalikuwa inchi kumi na tisa, namba aliyoijua kama jina lake. Aliyapima tu kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea.

Inchi kumi na saba na nusu.

Akaweka futi upya, kutoka mfupa hadi mfupa.

"Vipi?" kinyozi aliuliza.

"Hamna kitu. Simama wima."

"Mbona nimesimama wima?"

Fundi alikuwa amewashonea watu wengi waliojinyima chakula. Kiuno kinakwenda, nyonga zinakwenda, lakini mabega yanabaki palepale. Alikuwa amewashonea na watu wa namna nyingine pia, wale ambao jamaa zao walileta nguo zikiwa zimekunjwa, wakasema kwa sauti ya chini, "Zipunguze, mgonjwa wetu amekonda." Hao ndio waliopungua mabega. Aliandika namba kwenye daftari, akafunga daftari, akamwambia mumewe avae.

Alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho ilikuwa Jumamosi, na kinyozi alirudi kutoka duka la dawa mikono juu, kama mtu aliyefunga bao.

"Kumi na tano! Fundi, nimemaliza! Nenda kamwambie daktari wako!"

Akamshika mkono wenye vumbi la chaki, akaubusu. Angeanzia wapi? Fundi alijiambia atamwambia Jumatatu. Jumatatu ikaja na wateja, Jumanne ikaja na uchovu, na hivyo hivyo zikapita wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu fundi alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alianza kurudisha mafuta kwenye sosi. Kwanza vijiko viwili, kisha vinne, kisha nusu kikombe, hadi kilichobaki chepesi ni jina. Aliacha ngozi kwenye kuku. Alitia siagi kwenye viazi na kuificha chini. Kila asubuhi aliuangalia uso wa mumewe alipokuwa amelala, akitafuta mahali ambapo mafuta yale yangekuwa yameshika.

"Sosi imekuwa nzito siku hizi," kinyozi alisema.

"Mtindi wa siku hizi ni mzito."

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza sahani. Nusu ya chakula ilikuwa bado ipo. Na Jumamosi mizani ilishuka tena.

Alasiri moja alirudi mapema kabla ya saa za kufunga. Hakuingia chumbani kubadilisha nguo. Alikaa kwenye benchi la wateja wa mkewe, pale penye nguo zinazosubiri wenyewe, akaweka mkono mgongoni.

"Nimeshindwa kumalizia kichwa cha mtu," alisema. "Nimemwacha na upande mmoja. Amenielewa."

Fundi alisimamisha cherehani. "Unaumwa?"

"Hapa." Akagusa chini ya mbavu. "Inapita hadi nyuma."

"Tangu lini?"

Kinyozi alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. "Huu ni mwezi wa pili sasa. Nilidhani ni njaa. Nilisema ndiyo dayati yenyewe, lazima iume kidogo." Akajaribu kucheka. "Na niliogopa nikilalamika utanirudishia tumbo langu."

Fundi alitoka kwenye cherehani akakaa karibu naye. Ndipo alipomwambia habari ya mabega. Alimwambia namba zote mbili, na siku, na wiki zilizopita, na mafuta. Kinyozi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wajuane.

"Kwa hiyo ile sosi," alisema mwisho, "ilikuwa mayonesi."

"Karibu."

"Nilijua." Akashika mkono wake. "Twende tu hospitali."

Vipimo vilichukua siku tisa. Daktari alikuwa yule yule wa mwanzo, na safari hii hakuwa na haraka. Alisema kuna uvimbe kwenye kongosho, na umeshafika kwenye ini. Alisema wangemsaidia maumivu. Kinyozi aliuliza kama anaweza kuendelea na kazi, akajibiwa afanye anachoweza. Alipotoka kwenda kuchukua dawa dirishani, fundi alibaki nyuma.

"Daktari, wiki tatu nilizokaa kimya. Kama ningemleta siku ile, je?"

Daktari alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Zisingebadili kitu, mama."

Alijibu upesi mno. Fundi alishuka ngazi bila kujua kama aliambiwa ukweli au alihurumiwa, na hilo hakulijua hata baadaye.

Sasa amri ikageuka: mgonjwa ale chochote anachotaka. Fundi alinunua kopo kubwa la mayonesi ya dukani, lile lenye mfuniko wa bluu ambalo zamani alikuwa analificha nyuma ya mchele. Alilifungua mbele ya kitanda. Kinyozi alichukua kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni, akameza kwa shida.

"Inanikinaisha," alisema. "Naomba ile yako. Ya kijiko kimoja."

Akachemsha kitambaa, akaning'iniza mtindi. Kinyozi alikula vipande vitatu vya tango, na jioni viwili. Wiki zilizofuata ilikuwa kimoja, kisha ikawa kulamba ncha ya kijiko, kisha ikawa kutikisa kichwa. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, fundi akiwa amekwenda kubadilisha maji ya beseni. Aliporudi, alijua kabla hajaliweka beseni chini.

Siku za msiba nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa jikoni wakiosha vikombe, na wifi, macho yamemvimba, aliligusa kopo la mtindi mezani akalisukuma mbali.

"Ulimkondesha kaka yangu," alisema. "Ukamnyima mafuta mpaka mwili ukakosa nguvu ya kupigana."

Vikombe vilitulia kwenye maji. Fundi aliendelea kukausha sahani aliyokuwa ameishika. Mtu fulani alimshika wifi mkono akamtoa nje, na hapakuwa na aliyelirudia neno lile.

Mwezi mmoja baadaye mwenye nyumba aliomba fremu yake, kile chumba kinyozi alichokuwa akinyolea, kwa hiyo fundi akaenda kuhamisha vitu vya kinyozi. Hakutegemea msaada. Alipofika akamkuta wifi ameshatangulia, amekaa kwenye ngazi ya mlango, magazeti ya kufungia kioo mapajani.

Walianza na vitu vidogo. Wakakusanya mikasi, vitana, mashine ya kunyolea, na mashuka madogo ya kufunika mabega ya wateja. Nywele za watu zilikuwa bado kwenye pembe za sakafu. Fundi alizifagia polepole, kisha akaegemea ufagio.

"Wifi, nilijua," alisema. "Nilimpima nikaona. Nikakaa wiki tatu."

Akamweleza yote. Alitegemea kelele, na moyoni alizitamani. Wifi alikaa kwenye kiti cha kunyolea, uso kauelekeza kwenye kioo, ila hakujitazama.

"Ile Jumapili nilipomkumbatia," wifi alisema, "nilimshika mgongo. Vidole vyangu vilihesabu mbavu, wifi. Kaka yangu, ambaye tangu utoto mikono yangu haikuwahi kukutana nyuma yake. Nikashtuka." Akakunja gazeti, akalikunjua. "Halafu nikasema amekuwa kijana. Nilimwona amefurahi."

Fundi alivuta kibao akakaa karibu na kile kiti. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na hakuna aliyelia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia mkononi, nywele zimemjaa hadi masikioni.

"Mmefunga?" aliuliza. "Nilikuwa safarini miezi mitatu. Kila mahali wananiharibu kichwa. Kinyozi yuko wapi?"

Fundi akanyanyuka, akatoka nje, akamweleza kwa maneno machache. Mzee alijishika nywele pale barazani kana kwamba ameona aibu kuwa nazo. Akasema pole, akavaa kofia, akaondoka taratibu upande ule aliotokea.

Fundi alirudi ndani. Wifi alikuwa ameshashika kioo upande mmoja, anamsubiri ashike upande wa pili.